Filamu za Wainuit: tazama mikono kwanza

Kazi yangu ni kuhariri filamu za hali halisi, na kila ikitajwa "Nanook of the North", filamu ya mwaka 1922 kuhusu Nanook, mwindaji wa Wainuit (wenyeji wa asili wa nchi za baridi za kaskazini kabisa), huulizwa swali lile lile: ni kweli au ni maigizo? Ni yote mawili.

Robert Flaherty aliipiga Inukjuak, kaskazini mwa jimbo la Quebec, Kanada, kwa fedha za Revillon Frères, kampuni ya Kifaransa ya biashara ya manyoya. Huyo Nanook jina lake hasa ni Allakariallak, na wanaoonyeshwa kuwa wake zake hawakuwa wake zake. Bunduki zilikwishafika huko zamani, ila Flaherty alitaka walrasi, mnyama mkubwa wa baharini mwenye meno marefu, awindwe kwa chusa, kama enzi za mababu. Nyumba ya theluji ilikuwa finyu na yenye giza, kamera isingeona kitu; ikajengwa nusu nyumba, upande mmoja wazi, na familia "ikaamka" humo huku baridi ikiwachapa.

Sasa tazama mikono. Allakariallak analamba kisu cha jino la walrasi, mate yanaganda papo hapo, na kisu kinakata theluji vizuri zaidi. Anapanga matofali kwa kuzunguka, kila safu ikiinamia ndani. Kisha anatoboa ukuta na kupachika kipande cha barafu kiwe dirisha. Hajamaliza: kando ya dirisha anasimamisha bamba la theluji, limulike mwanga uingie ndani. Hayo Flaherty hakumfundisha. Na Wainuit walikuwa pia mafundi wake, wakisafisha filamu na kutengeneza kamera.

Kwa hiyo kuigiza hakunisumbui. Ninachouliza ni nani aliyeamua kiigizwe nini.

Wakazi wa Igloolik, Kanada, walipiga kura mara mbili miaka ya 1970 kuikataa televisheni, kwa kuwa haikuwa na vipindi vya Kiinuktitut, lugha yao ya Kiinuit. Hapo ndipo alipotokea Zacharias Kunuk, mchongaji wa mawe, aliyeuza vinyago vyake mwaka 1981 akanunua kamera ya video, na baadaye akaanzisha kampuni ya filamu ya Isuma na wenzake. Mfululizo wao "Nunavut", wenye sehemu 13, unaigiza maisha ya miaka ya 1940. Hauna haraka: watu wanakula, wanataniana, wanachuna ngozi. Flaherty aliificha bunduki; hawa Wainuit wa Isuma wamemwacha padri ndani ya filamu, na mahubiri yake yote. Kazi zao nyingi zimewekwa mtandaoni. Mimi ningeanzia kwenye sehemu hiyo ya padri, "Avaja".