Uhasibu wa kinga: fowadi ya dola na ngano yake

Uhasibu wa kinga ni utaratibu wa kuandika vitabuni mikataba ambayo kampuni imeingia ili ijikinge na bei zinazopanda na kushuka, iwe bei ya dola, ya mafuta au ya riba. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mkataba wa kinga na kile kinachokingwa vinagusa faida ya kampuni kwa wakati mmoja, kimoja kisionekane mwaka huu na kingine mwaka ujao. Hauongezi wala haupunguzi hata senti moja ya fedha iliyoko benki.

Niliwahi kukaa katika kikao cha bodi ambapo mjumbe mmoja, mzee aliyeijenga biashara yake tangu duka la rejareja, alishika karatasi ya hesabu akamuuliza mhasibu mkuu: "Kijana wangu, nani alikutuma ucheze kamari ya dola?" Yule mhasibu hakuwa amecheza kamari. Alikuwa ameifunga bei ya dola mapema ili kampuni ijue ngano itawagharimu kiasi gani. Mzee naye hakukosea kuuliza, kwa sababu karatasi aliyoishika ilionyesha hasara kubwa ya mkataba na haikuonyesha popote ngano ambayo mkataba ule ulikuwa unailinda.

Tuone jambo hilo kwa tarakimu. Tuchukue kiwanda cha kusaga ngano Mombasa ambacho mwaka wake wa fedha unaisha tarehe 31 Machi. Tuko tarehe 15 Januari 2024. Dola moja inauzwa kiasi cha shilingi 160 za Kenya, na kila mtu mjini anaogopa itafika 180, kwa kuwa serikali ina deni la Eurobond, yaani mkopo uliochukuliwa kwa kuwauzia wawekezaji wa nje hati za deni, la dola bilioni 2 linaloiva mwezi Juni na haijajulikana litalipwaje. Kiwanda kinatarajia kununua shehena ya ngano ya dola milioni 1 tarehe 15 Julai. Kinakwenda benki na kusaini fowadi, yaani mkataba wa kununua dola milioni 1 siku hiyo ya Julai kwa bei inayokubaliwa leo. Tuseme bei hiyo ni 165.

Kwa nini 165 na si 160? Wengi hudhani benki imetabiri. Benki haitabiri chochote hapo, inapiga hesabu ya riba. Mwanzoni mwa 2024 riba ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa asilimia 12.5, na ya Marekani ilikuwa kati ya 5.25 na 5.5. Benki ikitaka kuwa na dola za kukupa Julai, inazinunua leo kwa shilingi ambazo zingezaa riba kubwa, kisha inazishika dola zinazozaa riba ndogo. Pengo hilo la miezi sita ndilo linaloongezwa kwenye bei. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona mameneja wakiikataa fowadi wakisema "benki inatupiga", kumbe wanaikataa hesabu ambayo wangeweza kuipiga wenyewe kwa kikokotoo.

Siku ya kusaini hakuna aliyemlipa mwenzake. Hapo ndipo ulipokuwa ugumu wa zamani: kwa kuwa mkataba haukugharimu kitu, haukuandikwa popote. Kampuni ingeweza kubeba ahadi za mamilioni ya dola na mizania yake isiseme neno. Desemba 1998 kamati ya kimataifa ya viwango vya uhasibu ilitoa kiwango IAS 39, na mwaka huohuo Wamarekani walitoa FAS 133. Vyote viwili viliamuru kwamba mkataba wa aina hii, ambao thamani yake inategemea bei ya kitu kingine na ambao watu wa benki huuita derivativu, lazima uingizwe kwenye mizania kwa thamani yake ya haki, yaani thamani ya soko ya siku ya kufunga hesabu. Kanuni hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Mwenye hisa ana haki ya kujua kampuni yake imefungwa na nini.

Lakini kanuni hiyo ina upande wa pili: kila thamani inapobadilika, badiliko linakwenda moja kwa moja kwenye faida na hasara. Turudi Mombasa. Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza Eurobond mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu kubwa ya lile deni la Juni. Hofu ikayeyuka, na mwishoni mwa Machi dola ilikuwa karibu shilingi 132. Tarehe 31 Machi fowadi mpya ya kufikia Julai, tuseme, ingepatikana kwa 135. Kiwanda chetu kimejifunga kununua kwa 165. Tofauti ni shilingi 30 kwa kila dola, mara dola milioni 1, sawa na shilingi milioni 30. Tukiacha kodi kando, na pia punguzo dogo la thamani ya fedha kwa muda uliobaki, hiyo ni hasara ya milioni 30 katika mwaka unaoishia Machi.

Na ngano? Ngano bado haijapandishwa melini. Haimo vitabuni. Nafuu ya shilingi milioni 30 ambayo kiwanda kitaipata kwa dola kuwa rahisi haionekani, kwa sababu manunuzi yenyewe hayajafanyika. Julai ikifika, dola iko kwenye 129 hivi, fowadi imeshuka kwa milioni 6 nyingine, na ngano inaingia ghalani kwa milioni 129. Unga wake ukiuzwa, faida itaonekana nono kuliko ilivyo. Mwaka wa kwanza kiwanda kinaonekana mgonjwa, mwaka wa pili kinaonekana kimepata bahati. Ukweli ni kwamba tangu Januari kilijua ngano itakigharimu milioni 165, na ndivyo ilivyokuwa. Sura hii ya uongo huumiza watu halisi: gawio linazuiwa, au benki iliyokopesha inaona uwiano wa faida na deni umevunjwa na kuanza kudai maelezo.

Uhasibu wa kinga unaziba pengo hilo. Mizania haibadiliki, fowadi bado inaandikwa kama deni la milioni 30 tarehe 31 Machi. Kinachobadilika ni mahali hasara inapokwenda. Badala ya faida na hasara, inapita kwenye mapato mengine jumuishi, sehemu ya taarifa iliyo nje ya faida na hasara, na kutua ndani ya mtaji wa wanahisa, katika mstari unaoitwa akiba ya kinga. Inakaa hapo ikiingoja ngano. Julai 15 akiba hiyo ina hasi milioni 36. Ngano inaingia kwa milioni 129, na zile milioni 36 zinatolewa kwenye akiba na kuongezwa kwenye gharama ya ngano. Jumla: milioni 165, ile ile iliyopangwa Januari. Itafika kwenye faida na hasara siku unga utakapouzwa, ikiwa imeambatana na mauzo yake.

Huu ni upendeleo, na upendeleo una masharti. La kwanza ndilo linalowaangusha wengi: karatasi. Siku kinga inapoanza lazima kuwe na hati inayosema nini kinakingwa, kwa chombo gani, dhidi ya hatari ipi, na kwa nini viwili hivyo vinasukumana pande mbili. Haihitaji lugha ya wanasheria. Ya kiwanda chetu ingeweza kuanza hivi: "Leo, 15 Januari 2024, tunaweka fowadi ya dola 1,000,000 iliyosainiwa leo, ya kuiva 15 Julai 2024 kwa bei ya 165, kuwa kinga ya dola 1,000,000 za kwanza za manunuzi ya ngano tunayotarajia kwa uhakika mkubwa kuyafanya Julai 2024. Hatari inayokingwa ni badiliko la bei ya dola dhidi ya shilingi." Kisha ingeeleza uwiano, dola moja kwa dola moja, na mambo yanayoweza kuipunguza nguvu kinga, kama meli kuchelewa.

Hati hiyo hairudishwi nyuma. Huwezi kukaa Aprili, ukishaiona hasara, ukaandika kwamba ulikusudia kukinga tangu Januari. Ukiandika Aprili, uhasibu wa kinga unaanza Aprili, na milioni 30 za nyuma zinabaki kwenye hasara. Ndivyo ilivyotokea kwa yule mhasibu wa kikao nilichokitaja. Nia alikuwa nayo, barua pepe za kuulizia bei benki alikuwa nazo, hati ya siku ya kwanza hakuwa nayo. Mkaguzi wa hesabu hakuwa na la kufanya. Nilimwonea huruma sana, ila naielewa sheria: bila sharti hilo kampuni ingesubiri kuona matokeo, ikiona faida inaipeleka kwenye faida na hasara, ikiona hasara inaificha kwenye akiba.

Sharti lingine ni kwamba kinga ifanye kazi kweli. IAS 39 ilikuwa na kipimo kikali cha namba: badiliko la chombo likigawanywa kwa badiliko la kinachokingwa, jibu liwe kati ya asilimia 80 na 125. Ukipata 79, umetoka. Kampuni zilizokuwa zimejikinga kwa busara zilinyimwa utaratibu huu kwa pointi moja. IFRS 9, kiwango kilichokuja baada ya IAS 39 na kuanza kutumika rasmi 1 Januari 2018, imekiondoa kipimo hicho. Sasa inatakiwa pawe na uhusiano wa kiuchumi kati ya pande mbili, hatari ya benki kushindwa kulipa isiwe ndiyo inayotawala thamani, na uwiano ulioandikwa uwe ndio unaotumika kweli. Naona hayo ni mabadiliko mema, ingawa kampuni zimeruhusiwa kubaki na kanuni za kinga za IAS 39 na baadhi, hasa mabenki, zimebaki.

Sehemu isiyofanya kazi haipati upendeleo. Kama kufikia Machi ingejulikana kwamba shehena itakuwa ya dola 900,000 tu, fowadi ya dola 100,000 ingekuwa haikingi kitu: milioni 3 kati ya zile 30 zingekwenda kwenye faida na hasara papo hapo. Nayo opsheni, yaani mkataba unaompa mnunuzi wake haki, bila kumlazimisha, ya kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa, kama kampuni ndiyo iliyoiuza, ikapokea ada na kubeba hatari ya mwingine, haikubaliwi kuwa kinga isipokuwa inaifuta opsheni iliyonunuliwa. Ni sharti la haki, kwa kuwa anayeuza opsheni anaongeza hatari.

Mfano wa ngano ni kinga ya mtiririko wa fedha, ambayo ndiyo ya kawaida kwa waagizaji na wauzaji nje. Ziko mbili nyingine. Kinga ya thamani ya haki hutumika pale ambapo kitu chenyewe kimo vitabuni tayari, kama mkopo wa riba isiyobadilika ambao kampuni imeugeuza kuwa wa riba inayoelea kwa mkataba wa kubadilishana riba. Hapo pande zote mbili huandikwa kwenye faida na hasara, zikafutana. Ya tatu ni kinga ya uwekezaji katika kampuni tanzu ya nchi nyingine, kwa mfano kampuni ya Nairobi yenye tanzu Dar es Salaam inayoogopa shilingi ya Tanzania kushuka.

Je, ngano isipokuja kabisa? Akiba inapoteza sababu ya kuwepo, na kiasi chote kilichomo kinahamia kwenye faida na hasara mara moja. Dunia iliona hilo mwaka 2020. Mashirika ya ndege yalikuwa yamekinga mafuta ya safari za miezi ijayo, UVIKO ikafuta safari, na bei ya mafuta ikaporomoka wakati huohuo. Ryanair iliandika hasara ya zaidi ya euro milioni 300 kwa kinga zilizokosa kitu cha kukinga, katika mwaka ulioishia Machi 2020.

Kwetu watu wengi walilisikia neno hili kwa mara ya kwanza kupitia Kenya Airways. Julai 2008 pipa la mafuta lilipita dola 140, na Desemba mwaka huohuo lilikuwa chini ya 40. Shirika lilikuwa na mikataba ya kukinga bei ya mafuta, na mwaka wake ulioishia Machi 2009 ulifungwa kwa hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 4, mikataba hiyo ikitajwa kuwa sababu kubwa. Sehemu ya hasara ilikuwa ya thamani ya soko kwa safari ambazo ndege zilikuwa bado hazijaruka.

Kwa hiyo ukishika ripoti ya mwaka ya kampuni inayoagiza au kuuza nje, usiishie kwenye mstari wa faida. Nenda kwenye taarifa ya mabadiliko ya mtaji, tafuta akiba ya kinga, uone ni hasi au chanya na ni kubwa kiasi gani. Kisha fungua maelezo ya hesabu usome inangoja nini na lini, kwa kuwa kiasi kile kitashuka kwenye gharama au mapato ya miaka inayofuata. Kwa kiwanda chetu cha Mombasa, kama hakina kinga nyingine, mstari huo ungesoma hasi milioni 30 tarehe 31 Machi 2024. Kuanzia 15 Julai ungesoma sifuri, maana milioni 36 zote zimeshaingia ndani ya magunia.