"Roger" ya redioni haimaanishi "ndiyo"

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba mtu akijibu "Roger" kwenye redio ya upepo, basi amekubali alichoambiwa. Ukweli ni kwamba, kwa taratibu za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, neno hilo lina maana moja tu: nimeupokea ujumbe wako wote uliotangulia. Halisemi kwamba aliyeupokea ameafiki, wala kwamba atatekeleza. Rubani anayekusudia kutekeleza husema "Wilco". Akiulizwa swali la ndiyo au hapana hujibu "Affirm" au "Negative". Na akipewa ruhusa ya kuingia kwenye njia ya kurukia, hana budi kuirudia kwa sauti, ili mwongoza ndege asikie kama imeeleweka sawasawa. Wale wa kwenye filamu wanaosema "Roger, wilco" wanajirudia bure, kwani anayeahidi kutekeleza bila shaka amekwisha kusikia.

Wengine hudhani palikuwa na mtu aliyeitwa Roger. Hakuwapo. Waliokuwa wakipeleka habari kwa alama za Morse walituma herufi R, ya mwanzo katika neno "received", kuonyesha kwamba ujumbe umefika. Watu walipoanza kuzungumza redioni kwa sauti, herufi zilipewa majina ili zisichanganywe, na katika orodha iliyotumiwa na majeshi ya Marekani na Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, R iliitwa Roger. Tangu 1956 inaitwa Romeo, lakini jibu lile lilikuwa limekwisha kuzoeleka, na hakuna rubani anayejibu "Romeo".

Wapo pia wanaoona kwamba huku kuchagua maneno ni urasimu mtupu, na kwamba "OK" ingetosha. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mnara wa kuongozea ndege haukuziona ndege. Rubani msaidizi wa ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, alitamka maneno yenye "take-off" (kuruka), ambayo mwongoza ndege aliyaelewa kuwa ndege iko tayari kuruka, kumbe ilikuwa imeanza kukimbia. Mnara ukajibu "OK", kisha ukaitaka isubiri, lakini agizo hilo lilivurugwa na sauti ya rubani wa ndege ya Pan Am, shirika la Marekani, aliyezungumza wakati huohuo akiwa bado kwenye njia ileile ya kurukia. Ndege hizo mbili zikagongana. Walikufa watu 583. Sababu zilikuwa kadhaa, ila hii ya maneno ilibadilisha kanuni: neno "take-off" sasa hutamkwa tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au inapofutwa, na penginepo pote husemwa "departure" (kuondoka).