Je, wajua kwa nini mpira uleule humlea mtoto mmoja na kumharibu mwingine?

Pita alasiri kwenye kiwanja chochote cha mchanga, Mikindani, Masasi au Ruangwa, utakuta chandimu imekolea: mawe mawili ndiyo magoli, mpira ni wa makaratasi uliofungwa kamba, na watoto ishirini wote wanaukimbilia kwa pamoja. Mtu mzima aliyesimama pembeni atakwambia hawa wanajifunza nidhamu na ushirikiano. Jirani yake atasema wanajifunza matusi na utoro. Kila mmoja ana ushahidi wake, kwa sababu mpira wenyewe haujabeba somo lolote. Somo linatoka kwenye kanuni za mchezo, na zaidi linatoka kwa mtu anayeamua nani apate namba, nani akae benchi, kosa gani liadhibiwe na lipi lichekewe.

Kwa watu wa kusini mwa Tanzania hili si geni. Jandoni na kwenye unyago tabia haiachwi ije yenyewe. Yuko kungwi, ziko nyimbo za mafunzo, na jambo moja hurudiwa mpaka likae. Ajabu ni kwamba tukifika uwanjani tunasahau ujuzi huo wote, tunatupa mpira mmoja katikati ya watoto arobaini na kutarajia adabu iote kama uyoga.

Kuna kosa la hesabu linalotudanganya. Tunamtazama kijana aliyefika timu ya mkoa ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ni mvumilivu, anawahi mazoezi, anasikiliza, tunasema michezo imemfanya hivyo. Huenda alikuwa hivyo kabla, na ndiyo maana hakuchujwa. Waliokata tamaa njiani hakuna anayewahesabu. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Bruce Ogilvie na Thomas Tutko, waliwapima maelfu ya wanamichezo kwa miaka minane, na mwaka 1971 wakaandika kwamba hawakupata ushahidi kuwa michezo hujenga tabia. Walichokiona ni kwamba mashindano huwachuja watu, wakabaki wale waliokuja na uvumilivu wao kutoka nyumbani.

Je, basi michezo haina faida? Inayo, na ushahidi mzuri umetoka kwa wasichana. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria iliyozilazimisha shule zinazopata fedha za serikali kuu kutowabagua wasichana, michezo ikiwemo. Kabla ya hapo msichana mmoja kati ya 27 wa sekondari alikuwa kwenye timu ya shule. Kufikia 1978 alikuwa mmoja kati ya wanne. Hapa nafasi ililetwa na sheria, si hulka ya mtoto, kwa hiyo lile kosa la mchujo linapungua sana. Mchumi Betsey Stevenson alilinganisha majimbo na mwaka 2010 akatoa matokeo: ushiriki wa wasichana ukipanda kwa pointi 10 za asilimia katika jimbo, yaani wasichana 10 zaidi katika kila 100, wanaoingia chuo wanaongezeka kwa pointi 1 hivi, na wanaofanya kazi kwa pointi 1 hadi 2. Si muujiza. Ila ni faida ya kweli, na inamfikia hata msichana ambaye hakuwahi kushinda kikombe.

Kwa hiyo shule ya Newala au Nachingwea yenye kiwanja kimoja, ambacho wavulana wamekishika Jumatatu hadi Ijumaa, inawanyima wasichana kitu kikubwa kuliko burudani. Mpira wa pete hauhitaji mengi: uwanja wa mita 30.5 kwa 15.25, wachezaji saba kila upande, nguzo mbili zenye pete. Na kanuni zake zinafundisha kuliko hotuba. Ukiushika mpira una sekunde tatu tu za kuutoa au kufunga. Anayekukaba hana ruhusa ya kukaa karibu zaidi ya sentimita 90. Kila mchezaji ana eneo lake, akivuka anaadhibiwa, na wafungaji ni wawili tu. Mtoto anazoea kuamua haraka na kuzuia mkono wake akiwa na hasira, tena anazoea kumwamini mwenzake aliye mahali ambapo yeye haruhusiwi kufika.

Sasa tuje kwenye mazoezi yenyewe, kwani hapo ndipo tabia inapofinyangwa au kuvunjwa. Chukua watoto 24 wa miaka 10 hadi 12. Ukiwagawa kumi na wawili kwa kumi na wawili kwenye uwanja mzima, wanne wenye nguvu watautawala mpira na wengine watageuka watazamaji. Chora viwanja vitatu vya mita 30 kwa 20, kila kimoja wanne kwa wanne, kwa mipira mitatu ya saizi namba 4. Mipira ya kiwandani ikikosekana, ya makaratasi inatosha kabisa. Anzeni saa 10:30 alasiri jua likipoa, maji yawepo, dakika 10 za kupasha mwili, 40 za kucheza, 10 za mwisho kukaa chini na kuzungumza. Usiwape refa. Waache waite faulo wao wenyewe. Wakibishana, subiri nusu dakika kabla ya kuingilia. Nusu dakika hiyo ina thamani kubwa, maana hapo wanajifunza kumaliza ugomvi bila ngumi na bila mkubwa.

Dakika za mwisho zisiwe za kuhubiri. Maswali mawili yanatosha: leo ulikasirika wakati gani, na ulifanya nini? Darasani hali hiyo hukupata lini? Bila daraja hilo subira ya uwanjani hubaki uwanjani. Mtoto anaweza kungoja pasi kwa utulivu, kisha akampiga mdogo wake nyumbani kwa sababu ya sahani.

Maneno ya kocha baada ya kosa yana uzito kuliko mbinu zote. Huko Marekani makocha wa besiboli ya watoto wa miaka 10 hadi 12 walipewa semina ya saa mbili na nusu tu: sifu juhudi, mtoto akikosea mtie moyo kwanza, kisha mwelekeze namna ya kufanya, usimdhalilishe. Msimu uliofuata, katika timu za makocha hao asilimia 5 ya watoto waliacha mchezo. Kwa makocha wasiopata semina asilimia 26 waliacha. Utafiti huo ulitoka mwaka 1992 na haujachakaa. Angalia sasa desturi yetu ya kumzungusha mtoto uwanja raundi kumi kwa sababu amechelewa. Anachojifunza ni kwamba kukimbia ni adhabu, na akimaliza shule hatakimbia tena. Afadhali aliyechelewa akusanye koni na mipira mwisho wa mazoezi: hiyo ni dhamana, na wenzake wanaiona.

Msimu nao uangaliwe. Korosho zikianza kudondoka Septemba na Oktoba, watoto wengi wa Tandahimba na Newala wanahitajika shambani. Kocha anayewafuta kwenye timu kwa utoro anawaadhibu kwa kuwatii wazazi. Punguza siku ziwe mbili kwa wiki, kisha rudisha ratiba.

Kinachoharibu zaidi kina majina ambayo kila mpenzi wa michezo ya shule anayajua: vijeba na mamluki. Kijeba amepunguziwa umri, mamluki ameletwa kutoka shule nyingine kwa ajili ya mashindano. Mwalimu anapata kikombe, na timu nzima inajua kilivyopatikana. Watoto kumi na watano wanafundishwa kwa siku moja kwamba cheti kinaweza kusema uongo mtu mzima akitaka. Hakuna hotuba ya uadilifu inayoweza kufuta somo hilo, na mtoto halali aliyenyang'anywa namba halisahau. Watafiti Brenda Bredemeier na David Shields waliona miaka ya 1980 kwamba wachezaji wa mpira wa kikapu walipima haki na kosa kwa kiwango cha chini walipofikiria mchezo kuliko walipofikiria maisha ya kawaida. Yaani uwanja tayari unalegeza breki. Mwalimu asiongeze mteremko.

Upande wa riziki, tuseme ukweli. Ligi Kuu ina timu 16. Hesabu wachezaji 30 kila timu, unapata nafasi 480 kwa nchi nzima, na wageni wamo humo. Namungo ya Ruangwa ilipofika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, ilionyesha kwamba njia ipo hata kutoka Lindi. Lakini ni nyembamba, na mtoto asiachishwe shule kwa ajili yake. Akizuka mtu akasema mtoto wa miaka 15 anasajiliwa Ulaya mwezi ujao, zitumwe pesa za pasipoti, mkatalie. Kanuni za FIFA zinazuia uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache: mfano wazazi wamehama kwa sababu zisizo za mpira, au mtoto na klabu wako ndani ya kilomita 50 za mpaka, kila mmoja upande wake, jambo linaloweza kuwahusu wa vijiji vya kando ya Ruvuma.

Kanuni hizohizo zina haki ambayo klabu ndogo zinaipoteza kwa kukosa karatasi. Mchezaji wa kulipwa akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea: asilimia 0.25 kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila msimu wa 16 hadi 23. Klabu ya Masasi iliyomlea tangu 12 hadi 15 inastahili asilimia 1. Kwa ada ya shilingi milioni 100 hiyo ni milioni 1, yaani mipira na vizibao vya misimu kadhaa. Ili ipatikane, klabu iwe imesajiliwa na mtoto awe amesajiliwa rasmi kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Kijeba aliyepunguziwa miaka mitatu anavuruga hesabu hiyo yote. Daftari moja gumu linatosha kuanza: jina, nakala ya cheti cha kuzaliwa, siku aliyoingia, siku aliyotoka, saini ya mzazi.