Kuganda Hakutoshi: Chembe za Barafu Zinavyokausha Hewa ya Juu

Mwezi Juni na Julai, nikitoka Mbeya alfajiri kupanda uwanda wa Kitulo, hukuta nyasi zimefunikwa na sakitu, yaani mvuke uliotoka hewani usiku ukaganda juu ya majani. Hewa iliyolala karibu na ardhi imekauka kidogo, lakini ifikapo saa tatu jua limekwisha kuirudisha sakitu ile hewani, na maji ni yaleyale. Ndiyo maana huwasahihisha wanafunzi wangu wanaponiambia kwamba hewa ya stratosfea, tabaka la angahewa lililo juu ya lile lenye mawingu na mvua, ni kavu kwa sababu ya baridi tu.

Katika tropiki, hewa inayopanda kuingia stratosfea hupita kwenye kimo cha kilomita 17 hivi, ambako halijoto hukaribia nyuzi 80 za Selsiasi chini ya sifuri. Hapo hewa iliyoshiba mvuke hubaki na molekuli nne au tano tu za mvuke katika kila molekuli milioni za hewa. Mvuke unaozidi huganda, ingawa si mara moja: pasipo vumbi la kuanzishia, vitone vidogo mno vya asidi na maji haviwi barafu mpaka mvuke uzidi kiwango cha kushiba kwa nusu nzima au zaidi.

Barafu ikishatokea, jambo linaloamua ni kama itaanguka. Chembe zikiwa nyingi hugawana mvuke, zikabaki ndogo na kuelea pamoja na hewa, na hewa ikipata joto hugeuka mvuke tena, sawasawa na sakitu ya Kitulo. Zikiwa chache, kila moja hunenepa na kushuka haraka zaidi, lakini uchache huohuo huzifanya zichelewe kuumaliza mvuke wa ziada, hivyo hewa huweza kupita ikiwa bado imeshiba kupita kiasi. Kwangu mimi, mvutano huu ndio kiini cha somo zima.

Mwaka 1949 Alan Brewer, mwanafizikia wa angahewa, alieleza kwamba stratosfea iliyopimwa juu ya Uingereza ilikuwa kavu kuliko baridi ya pale ilivyoweza kuikausha; akahitimisha kwamba hewa ile ilikuwa imepandia tropiki. Ukavu huo husafiri na hewa, kwa sababu barafu iliyoikausha ilibaki nyuma: ilishuka kwenye tabaka lenye joto zaidi, ikageuka mvuke huko chini.