Ukuta wa zamani na lipu ya simenti

Lubumbashi ni mji uliozaliwa kiwandani. Reli kutoka kusini ilifika 1910, na mwaka uliofuata tanuru la kampuni ya madini ya Union Minière likatoa shaba yake ya kwanza. Majengo ya zamani ya kazi bado tunayo, na watu hunipigia simu wakitaka kugeuza ghala kuwa mkahawa au ukumbi. Wao huanza na rangi. Mimi naanza na chokaa.

Chukua msumari, ukwaruze kati ya tofali na tofali. Pakimomonyoka kama unga, ni chokaa. Pakigoma, ni simenti, pengine ya fundi wa juzi. Chokaa hupitisha unyevu: maji yanayopanda kutoka ardhini majira ya mvua hutokea hapo, tofali likabaki salama. Ukipiga lipu ya simenti juu yake, maji yanakosa mlango.

Kuna mteja aliyekataa kunisikia. Alipiga lipu mwezi wa nane, ukuta ukawa laini kama yai. Mwezi wa pili niliugonga kwa kidole, ukalia kama ngoma. Lipu ilipobanduka iliondoka na uso wa tofali. Mwashi mmoja mzee akaniambia: «Mama, hii ukuta ilikuwa inatoka jasho, mukaivalisha nailoni.»

Vifaa vya kisasa sivikatai, ila navitaka vijitegemee. Ghorofa mpya ya ndani naiweka juu ya nguzo za chuma zenye msingi wake, sentimita chache mbali na ukuta, kwa bolti zinazofunguka. Mwanga naupata kwa polikaboneti, plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kwenye paa. Hapo mafundi wengi hukosea. Kipande cha mita 6 hurefuka karibu milimita 12 joto likipanda nyuzi 30, na kwetu mwezi wa saba asubuhi unatetemeka, saa saba mchana paa linaunguza mkono. Tundu liwe pana kuliko skrubu, na mpira chini ya kofia yake. Ukikaza moja kwa moja, mwaka haupiti bila nyufa.

Paa la zamani nalo lipimwe mapema. Yale mabapa ya kijivu yenye mawimbi, mazito, yasiyoshika kutu, mara nyingi yana asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake huharibu mapafu. Usiyakate kwa mashine, usifagie vumbi lake. Hulowanishwa, hufunguliwa mazima mazima, kisha hufungwa kwenye plastiki nene, na wafanyakazi wakiwa na barakoa za kazi hiyo, si kitambaa. Gharama yake iandikwe kwenye bajeti kabla ya rangi.