Sauti ndani ya bomba la kuchimbia: yanayodhaniwa na yalivyo

Kisima kirefu kinapochimbwa, vipimo vya huko chini vinaweza kupelekwa juu kwa sauti inayopita kwenye bomba la kuchimbia. Haya ndiyo yanayodhaniwa kuhusu njia hiyo.

"Lazima kuna waya mpaka chini." Kwa visima vingi hakuna. Bomba la kuchimbia huungwa kipande kwa kipande, kila kimoja mita 9 na ushei, na lote linazunguka. Waya utapita wapi mafundi wanapoongeza kipande? Mabomba yaliyotiwa waya kiwandani yapo, ila bei yake si ya kila kisima.

"Sauti hupita kwenye miamba." Hupita kwenye chuma chenyewe. Kifaa kilichofungwa karibu na kekee, ile ncha inayokata mwamba, hulitikisa bomba, na mtikisiko hupanda kwa kasi ya karibu mita 5,000 kwa sekunde hadi kwenye kihisi kilichoko juu.

"Isipofika, ongeza nguvu." Hapa ndipo wengi hupotea. Kwenye kila kiungo chuma ni kinene zaidi, na wimbi likifika hapo sehemu yake hurudi lilikotoka. Kwa kuwa viungo vimeachana kwa umbali unaokaribiana, marejeo hayo hujumlishana: masafa fulani (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) hupenya, ya jirani yake huzimika hata uyapige kwa nguvu gani. Ukiyachora yanatokea kama kitana, meno na mapengo yakipokezana kila hezi 270 hivi. Watafiti Barnes na Kirkwood walilieleza jambo hili mwaka 1972. Drumheller wa maabara za Sandia, Marekani, akalichimbua zaidi miaka ya 1980. Balaa ni mabomba ya zamani: ncha zikichakaa hukatwa na kuchongwa upya nyuzi za kuungia, urefu haulingani tena, na njia za kupenya zinazidi kuwa finyu. Kisima nacho kikiinama, bomba husugua ukuta na sauti hunyonywa, ndiyo maana hufungwa vifaa vya kuikuza njiani.

"Si ndiyo yale mapigo ya matope?" Hapana. Hayo ni shinikizo linalosafiri ndani ya matope, yaani kimiminika kinachosukumwa kisimani wakati wa kuchimba. Ukichimba kwa povu au hewa hufa njiani, maana gesi hubonyea. Olkaria, Kenya, visima vya mvuke huchimbwa kwa maji yaliyotiwa hewa na povu, na chuma hakijali hilo. Kinachosumbua huko ni joto: mwamba hupita nyuzi 300 za Selsiasi, ilhali elektroniki nyingi za kisimani hukomea 150 au 175.

"Basi data inamiminika kama intaneti." Ni makumi machache ya biti kwa sekunde. Zinatosha kutuma mwelekeo wa kisima, shinikizo na joto. Vipimo vingine hubaki kwenye kumbukumbu ya kifaa mpaka kitolewe.