Breki zinalia tena baada ya pedi mpya: tafuta kinachozishika

Gari limetoka gereji Jumamosi likiwa kimya. Jumatano, ukipunguza mwendo kuingia barabara kuu, kwiii! Sauti ileile. Fundi anatoa pedi, anazipiga msasa, anazirudisha, kelele inatulia siku nne, halafu inaanza upya. Axio, Fielder, Probox, Note, Demio, gari lolote lililokuja likiwa limeshatumika Japani na sasa linakula vumbi la Njoro na mvua ya Kericho, hadithi huwa moja. Na mara nyingi mwenye gari ameshanunua pedi mara mbili au tatu kabla hajashuku kitu kingine.

Pedi mpya ikilia ndani ya wiki mbili, kwa kawaida kosa si lake. Mlio wa breki ni mtetemo. Pedi inashika diski na kuachia, inashika na kuachia, mara elfu moja kwa sekunde na kupanda hadi zaidi ya elfu kumi. Kila breki hutetemeka kidogo. Kinachoamua kama utasikia ni vile vinavyoishika pedi: klipu, pini, braketi (fremu ya chuma inayobeba pedi), pistoni, uso wa diski, na lile bati jembamba la mgongoni mwa pedi tunaloliita shimu. Kimoja kikilegea, kikikwama au kikikosekana, mtetemo unapata nafasi. Msasa hubadilisha uso wa pedi tu. Uso huo ukishazoeana na diski, unarudi ulikotoka.

Sikiliza kabla ya kupiga jeki

Swali la kwanza si "inatoka gurudumu gani" bali "inalia wakati gani".

Ikilia asubuhi tu, au baada ya mvua na kuosha gari, na kunyamaza ukishakanyaga mara tano sita, hiyo ni kutu nyepesi ya usiku kwenye diski. Kisumu, kwa ule unyevu wa ziwa, utaisikia zaidi. Iache.

Kwiii nyembamba unapokanyaga kidogo kwa mwendo mdogo ndiyo kesi yetu kubwa, na nitairudia. Kama inalia bila kukanyaga, kisha inakatika au kubadilika ukikanyaga, kuna kitu kinagusa diski muda wote: kidole cha onyo cha pedi (kibati kinacholia pedi ikikaribia kuisha) kilichopinda, au breki isiyoachia. Shii-shii-shii inayofuata mzunguko wa gurudumu ni bati la vumbi nyuma ya diski. Ama limenasa kijiwe cha murram, ama fundi alilikunja akitoa diski, na lolote kati ya hayo hurekebishwa kwa bisibisi ndefu kwa dakika mbili. Ko! moja unapokanyaga mara ya kwanza baada ya kurudi rivasi: pedi zinacheza ndani ya braketi, klipu hazipo, au bolti ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, imelegea. Hiyo ya bolti ni ya hatari, usiendelee na safari. Krrr ya chuma kwa chuma, vivyo hivyo.

Mvumo unaopanda na mwendo, ukabadilika unapokata kona, ukanyage breki usikanyage, huo ni wa beringi. Usinunue pedi. Na gari la otomatiki likinguruma unapoachia breki polepole huku limo kwenye D, hiyo kwa kawaida si kasoro.

Baada ya hapo endesha kilomita kumi hivi ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, usimame taratibu, upime joto la kila diski kwa kipimajoto cha mbali kupitia matundu ya rimu. Kulia na kushoto kwa ekseli moja vinatakiwa kukaribiana. Upande mmoja ukizidi mwingine kwa nyuzi 30 au zaidi, huo haujaachia. Kama huna kipimajoto, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Tofauti kubwa utaihisi.

Pini, klipu na shimu

Weka vigingi nyuma ya magurudumu, jeki, stendi chini ya chasi. Stendi, si mawe wala tofali.

Kalipa ya magari haya hukaa juu ya pini mbili na inatakiwa kuteleza juu yake. Pistoni husukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inavutwa ili pedi ya nje nayo ibane. Pini ikikwama, pedi ya ndani inafanya kazi peke yake. Kwa hiyo soma pedi za zamani kabla ya kuzitupa. Ya ndani ikiwa na milimita 3 na ya nje 8, shuku pini kwanza, kisha pistoni. Pedi iliyoliwa kama kabari, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, inasema pini moja imekwama na nyingine inateleza, au sikio moja la pedi limenasa.

Shika pini, ichomoe. Pini nzima inatoka kwa vidole, inang'aa, grisi yake bado laini. Pini mgonjwa inatoka ikilalamika, imevaa utepe wa kutu pale inapoishia, na grisi imegeuka ugumu mweusi kama lami ya juzi. Hapo makosa ni mawili ya kawaida. La kwanza ni grisi ya beringi. Inatokana na mafuta ya petroli, na mpira wa breki ukiguswa nayo unavimba, unabana pini, na siku ya baridi haitoki. Tumia grisi ya silikoni iliyoandikwa ni ya breki. La pili ni kubadilisha mashimo. Kwenye Toyota nyingi pini moja ina kishati kidogo cha mpira kwenye ncha na nyingine haina. Si pacha. Ya mpira ikiingia shimo lisilo lake itabana, kwa hiyo piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa.

Safisha na shimo lenyewe kwa brashi nyembamba na dawa ya kusafishia breki, si petroli, kisha likauke. Grisi kiasi cha punje moja ya haragwe kwa kila pini inatosha. Ukijaza, pini itakuwa inasukumwa nje kila ukiiingiza, kama imewekewa springi, kwa sababu grisi na hewa vimefungiwa chini. Inua mdomo wa mpira kidogo hewa itoke. Ikiendelea kurudi, ichomoe upunguze.

Klipu ni zile chuma za pua zinazokaa kwenye braketi ambapo masikio ya pedi huteleza. Zenyewe hazishiki kutu, lakini braketi iliyo chini yake inashika. Kutu inavimba, inainua klipu, nafasi ya pedi inapungua kwa sehemu ya milimita, na hapo pedi inabanwa isiweze kurudi. Wengi huona klipu safi, wakaziacha. Zing'oe. Chini yake utakuta ganda la kahawia linalobanduka kwa tabaka. Lisugue kwa tupa bapa mpaka chuma kionekane, uache hapo, usile chuma chenyewe. Pedi iingie kwa kusukuma kwa dole gumba. Ikihitaji nyundo, haijaingia bado, hata kama imeingia. Pedi za bei ndogo huja na rangi nene mpaka kwenye masikio. Rangi hiyo ikwangue.

Halafu shimu. Hili linaniudhi kuliko yote, kwa sababu shimu nzuri za kiwandani hutupwa kila siku eti pedi mpya haikuja nazo. Shimu ndiyo inayotenga mgongo wa pedi na pistoni na kuua mtetemo. Kama za zamani hazijapasuka wala kupinda, zioshe, zikaushe, zirudishe. Paka grisi ya breki kama ukungu tu kati ya shimu na mgongo wa pedi, na pale pistoni na vidole vya kalipa vinapogusa. Kwenye uso unaobana diski isifike hata chembe.

Kidole cha onyo kwa kawaida hukaa kwenye pedi ya ndani. Kazi yake ni kupiga kelele pedi ikibaki milimita 2 au 3. Kikikunjwa wakati wa kufunga, kitapiga kelele pedi ikiwa na milimita 11. Pedi yenye mshale, mshale ufuate mzunguko wa gurudumu gari likienda mbele.

Kati ya pedi ya bei ya wastani kwenye braketi safi na pedi ghali kwenye braketi yenye kutu, mimi nitachagua ya kwanza bila kufikiri.

Diski

Pitisha ukucha kwenye ukingo wa diski ya zamani. Ukikwama kwenye ngazi, pedi mpya, ambayo bado ina kona kali, itapanda ile ngazi na kukwaruza. Diski ichongwe au ibadilishwe. Kabla ya kuipeleka kwa wachongaji pima unene kwa maikromita, milimita 10 ndani ya ukingo, sehemu sita au nane. Vania ya kawaida itapima ile ngazi na kukudanganya. Kikomo kimeandikwa kwenye diski yenyewe, MIN TH na namba. Ikiwa baada ya kuchongwa itashuka chini ya namba hiyo, usiichonge. Tofauti ya unene ikizidi milimita 0.02, mguu utahisi pedali ikipiga.

Sasa jambo linaloharibu kazi nyingi nzuri: diski imechongwa vizuri, ikarudishwa juu ya habu (kitovu cha gurudumu) yenye kutu. Kuyumba kunakoruhusiwa huwa karibu milimita 0.05, chini ya unene wa unywele. Ganda dogo la kutu katikati linakuwa kubwa zaidi ukifika ukingoni mwa diski. Sugua habu kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, na sehemu ya ndani ya diski vilevile. Kisha kaza nati za gurudumu kwa msalaba, kwa spana ya kupimia nguvu. Toyota nyingi ndogo ni Nm 103. Bunduki ya hewa ikikaza moja sana na nyingine kidogo, diski inakaa upande.

Uso unaong'aa kama kioo, kwenye pedi au diski, umeungua. Kericho iko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari na Kisumu mita 1,130 hivi, na sehemu kubwa ya mteremko huo unaimaliza kabla ya Awasi. Kutoka Mau Summit kuja Salgaa kupitia Sachangwan ni vilevile. Mtu akishuka huko na mguu umekaa kwenye breki, gundi inayoshikanisha pedi inapikwa na uso unakuwa mgumu. Gia ndogo, L au B kwa otomatiki, breki ikanyagwe kwa vipindi. Pedi iliyoungua sana haiponi kwa msasa.

Breki isiyoachia

Pini zinateleza, pedi ziko huru, na bado gurudumu ni zito? Kanyaga breki, achia, zungusha gurudumu kwa mkono. Ni zito. Fungua nipo ya kutolea hewa nusu mzunguko. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, shinikizo lilikuwa limefungiwa juu, mara nyingi kwa bomba la mpira la mafuta ya breki lililoharibika ndani ingawa nje linaonekana zima. Gurudumu likibaki zito, pistoni imekwama kwa kutu. Funga nipo kabla hewa haijaingia. Mafuta ya breki yakiwa ya rangi ya chai, badilisha yote. Yananyonya unyevu, na DOT 3 iliyonyonya inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 badala ya 205.

Nyuma, kwenye dramu, ni mambo machache. Vumbi lijae, na zile sehemu sita za bamba ambapo viatu vya breki husugua zikauke, utasikia mlio wa mlango mkavu. Lowesha vumbi kwa maji ndipo ulifute, usilipulize kwa hewa, maana viatu vya zamani vinaweza kuwa na asbesto. Gusa grisi kidogo kwenye sehemu sita hizo. Virekebishio vya kulia na kushoto visibadilishane, nyuzi zake zinaenda kinyume. Dramu ya milimita 200 huwa na kikomo cha 201, kimeandikwa MAX.

Kuzizoesha

Kabla gari halijasogea hata hatua, pampu pedali mpaka iwe ngumu. Pistoni ilirudishwa ndani, na kukanyaga kwa kwanza hakutakuwa na breki.

Kisha tafuta barabara isiyo na magari, alfajiri. Kilomita 60 kwa saa hadi 10, kwa nguvu ya wastani, mara kumi, ukiacha nusu dakika ya mwendo katikati. Usisimame kabisa na kubana pedi kwenye diski ya moto, zitaacha alama na alama hiyo ndiyo mlio wa mwezi ujao. Maliza kwa dakika kumi za kutembea bila breki zipoe. Kilomita 200 za mwanzo usiende kushuka Sachangwan.

Mkwaruzo hafifu kwa siku chache ni sawa. Ukifika kilomita 500, kaza nati tena kwa Nm zilezile, pima joto, na fungua lile gurudumu lililokuwa la moto siku ya kwanza. Pima pedi zote mbili. Ikiwa ya ndani imeliwa milimita moja zaidi ya ya nje kwa umbali mfupi hivyo, kalipa bado haitelezi au pistoni hairudi. Kalipa hiyo ishushwe, ifunguliwe, iwekewe mipira mipya, na kama pistoni ina mashimo ya kutu, ibadilishwe pamoja nayo.